Mwalimu Gerson Apaza Sauti

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mgeni amefika. Bi Fiona, kutoka Uskoti. Atasimamia mradi wetu wa mbegu za mtama kwa miaka miwili. Mzee Abeli, meneja wetu, alitupanga mstari ofisini kama watoto wa kipaimara. Kiingereza changu nilikuwa nacho tayari, kimenyooka kama shati la Jumapili. Bi Fiona akaniwahi. Akajigusa kifuani, akasema kwa Kiingereza, nami naandika bila kuongeza wala kupunguza: “Mimi. Fiona. Wewe. Jina?”

Miaka kumi na moja nimefundisha Kiingereza sekondari! Kidato cha kwanza mpaka cha nne! Nilipigwa na butwaa hata nikajibu: “Mimi. Gerson.”

Akafurahi. Akanipigia makofi.

Kisha akamgeukia Shamila, wakaongea kama watu. Shamila! Binti wa Kisandawe kutoka Chemba, kazini ana mwaka mmoja na nusu, mimi mitano. Nilimuuliza amemlisha nini yule mama. Akasema hakumlisha kitu. Walipoongea kwa simu wiki iliyopita alimwomba Bi Fiona aseme kama anavyosema siku zote, yeye akikwama atauliza. Akikwama! Mtu anautangaza ujinga wake kabla hajaulizwa.

Ijumaa tuna mkutano kijijini. Baada ya hapo Bi Fiona atachagua mmoja wetu awe mkalimani wake. Atakayebaki atapelekwa kulinda stoo ya mbegu Mpwapwa. Nimezaliwa Mpwapwa. Nusu ya maisha yangu nimeitumia kutoka huko.

Jumanne, 6 Mei

Mpango wa kwanza. Nitamzamisha katika Kiingereza.

Nimeamka mapema, nimefungua kamusi yangu ya ualimu, nimetunga sentensi moja ya kumkaribisha. Maneno arobaini na moja. Manne kati ya hayo hata mimi sijawahi kuyasikia yakitamkwa. Nilimkuta kwenye korido, nikasimama wima, nikaitoa yote kwa pumzi moja.

Bi Fiona alinitazama kwa huruma kubwa. Akanishika mkono. Akaniketisha kwenye benchi. Akapaza sauti: “Maji? Kunywa. Maji. Vizuri.”

Niliyanywa. Ningefanya nini? Shamila alipita na mafaili, akainamisha kichwa. Najua alikuwa anacheka. Mabega yalimsaliti.

Jumatano, 7 Mei

Mpango wa pili, na huu una akili. Kama anaamini sielewi, basi atasema yote mbele yangu. Nitazijua siri zake zote.

Tulikwenda Chang'ombe ya hapa Dodoma kumwona wakala anayeuza mbegu zetu. Mimi nilikaa mbele na dereva, Bi Fiona nyuma, akampigia simu mkuu wake huko kwao. Kiingereza chake cha kweli ni cha kasi, lakini nilikikamata chote. Alisema binti ni hodari. Alisema kuna bwana mmoja mpole sana, masikini, haeleweki anachosema. Alisema barua ya bwana huyo ya kuomba kazi imeandikwa vizuri ajabu, bila kosa hata moja.

Nikajikuta nanyoosha mgongo.

Akaendelea: bila shaka aliandikiwa.

Mungu wangu! Barua ile niliiandika kwa siku tatu, usiku! Niliinakili mara sita! Na siwezi kugeuka, kwa sababu mimi sielewi. Nikaitazama barabara, nikalazimisha tabasamu ili uso usinisaliti. Bi Fiona akamwambia mkuu wake: mtazame, ana furaha ya moyoni kabisa.

Faida moja tu. Alisema Ijumaa ataniachia niongoze mkutano, maana katika Kiswahili angalau nitakuwa nyumbani.

Alhamisi, 8 Mei

Kesho ndiyo kesho. Kijiji chenyewe ni cha Wasandawe. Kiswahili kwao ni lugha ya pili. Mtu wa kawaida angekwenda kuwabwatukia Kiswahili kizima kizima, wabaki wanapepesa macho. Mimi nina ualimu. Nitawakatia vipande vidogo. Maneno machache, sauti kubwa, mikono mingi. Viambishi nitaviondoa.

Shamila akanishauri, bila kuombwa, niongee kawaida tu. Ati ndio watu wa kwao, wamesoma shule, wanauza asali Kondoa, kesi zao wanazisema wenyewe barazani. Wasipoelewa watauliza. Nikamwambia asante, binti yangu. Ana wivu.

Jioni nilifanya mazoezi sebuleni. Jirani yetu Hana alikuja mbio kumuuliza mke wangu Devota kama tumegombana. Devota alimwambia hapana, Gerson anajifunza kuongea na wakulima. Hana akauliza wakulima hao ni viziwi? Watu wa mtaa wetu wa Nzuguni hawana elimu ya mawasiliano.

Ijumaa, 9 Mei

Siwezi kuandika. Naandika.

Watu walikuwa wengi, zaidi ya sitini, chini ya paa la ofisi ya kijiji. Mbele kabisa aliketi bibi mmoja mwembamba, ametulia, anaitwa Bibi Mwajabu. Shamila alimpigia goti na kumwamkia. Mimi salamu niliiruka, niliona shikamoo ni neno gumu kwao. Nikaanza.

“Ninyi! Mtama! Panda! Mvua kuja, panda! Mvua hapana, ngoja! Elewa?”

Mvua niliionyesha kwa vidole. Mtama unaoota niliuonyesha kwa kuchuchumaa na kuinuka taratibu. Kuku mmoja akapita.

Bibi Mwajabu akainuka. Akasema, kwa Kiswahili ambacho ningekipa alama zote: “Jamani, tumvumilie mgeni. Hata kuamkia hajui, labda kwao hakuna. Lugha ni safari, na huyu ndio kwanza amefunga mizigo.”

Kisha akanigeukia, akapaza sauti, akaninyooshea mikono yote miwili: “Karibu. Wewe. Toka. Wapi?”

“Mpwapwa,” nikasema.

Walicheka hata wazee wakajifuta machozi. Bibi Mwajabu hakucheka. Alisema pole. Akauliza swali lake, na alikuwa na swali la kweli. Mwaka juzi mradi mwingine uliwaletea mbegu zilizokataa kuota. Familia tatu zililala njaa, mjukuu wake aliacha shule akaenda kuchunga. Akauliza: na ninyi mtatuletea zile zile?

Nilikuwa bado nafikiria Mpwapwa. Masikio yalikuwa yanavuma. Nikaona anangoja, nikamjibu kwa heshima zote: “Ndiyo.”

Kicheko kikakatika. Wakaanza kuinuka. Mmoja baada ya mwingine, bila kelele, wanaume wakachukua baiskeli zao. Miezi minane ya maandalizi ilikuwa inatoka mlangoni! Shamila akakimbia akasimama katikati yao. Alianza kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kisandawe, ulimi ukigonga kama mawe ya mto. Alisema mbegu hizi zimepandwa hapa hapa Dodoma misimu miwili, na kila kaya itapewa kwanza kidogo tu, ijaribu yenyewe. Kama hazioti, wasipande. Bibi Mwajabu akakaa. Wengine wakakaa.

Bi Fiona alikuwa amebabaika, akamuuliza Shamila nimefanya nini. Nilitega sikio nikingoja anichongee. Akasema: alikuwa anajaribu kuwasaidia waelewe.

Heri angenichongea.

Jumamosi, 10 Mei

Sikulala vizuri. Nimemkumbuka mama, sijui kwa nini leo. Nilikuwa na miaka minane. Alinipeleka hospitali na homa, tukafika dirishani kwa karani. Mama Kiswahili alikijua, ila alikisema kwa lafudhi ya Kigogo. Karani akampigia kelele mbele ya foleni: “Wewe mama! Mtoto! Umwa! Wapi?” Mama alicheka kidogo na kujibu. Kisha, tukiwa njiani, alikuwa anatembea mbele yangu na hakutaka nimwone uso.

Nimefikiri sana. Nimepata jibu: karani yule alikosea kutotumia mikono.

Jumatatu, 12 Mei

Shamila amechaguliwa. Nimempongeza. Meno yananiuma.

Mchana Bi Fiona alikuja mezani kwangu peke yake, na faili langu mkononi. Akaongea Kiingereza chake cha kweli, kizima, kwa mwendo wa kawaida tu. Alisema ameona vyeti vyangu. Alisema anaona aibu. Alinisemesha kama mtoto wiki nzima, na pengine kwa hilo alinivuruga hata kabla ya mkutano. Akaniomba radhi. Akauliza kwa nini sikumwambia siku ile ile ya kwanza, na kama ningependa tuanze upya.

Ndiyo niliyokuwa nayangoja! Jibu lilikuwa limejaa mdomoni. Lakini nikikiri naelewa, atajua nilimsikia siku ile garini. Atajua tabasamu lile lilikuwa la uongo. Na mimi nina heshima zangu.

Nikamtazama. Nikainua mabega. Nikasema: “Samahani. Mimi. Elewa. Hapana.”

Kisha akaweka faili, akaninyooshea kidole gumba, akasema kwa sauti kubwa: “Sawa. Gerson. Mtu. Mzuri.”

Devota hajaniongelesha tangu nilipomsimulia.

Jumatatu, 19 Mei

Mpwapwa. Stoo ina mlango mmoja, dirisha moja na mimi. Nyuma yake kuna shamba la mfano, robo eka, mtama umekomaa, wiki ijayo wakulima wanakuja kuuona.

Saa nne asubuhi alifika mfugaji mmoja, Mmasai, jina lake Sila. Alikuwa anahema, fimbo mkononi. Akafungua mdomo. Nikainua mkono kumzuia, nilishaona ni mtu wa kusaidiwa. Nikamwambia apumue. “Wewe. Kaa. Hapa. Taka. Nini?” Akafungua mdomo tena, nikamwonyesha polepole kwa viganja. Akajaribu mara ya tatu, akinyoosha fimbo nyuma ya stoo. Nikamfundisha neno “stoo”. Akalirudia vizuri sana. Tulikwenda hivyo kama robo saa.

Mwisho akanishika mabega, akasema bila kutua: “Mwalimu, nimekuja kukuambia mbuzi wa watu wamevunja uzio wako, walikuwa wanaingia nilipokuwa napita, na sasa nadhani wamemaliza.”

Walikuwa wamemaliza.

Nimemwandikia Mzee Abeli taarifa kwamba chanzo cha hasara ni tatizo la lugha kwa wafugaji. Nimeomba kipaza sauti.