Vita vya Ubao wa Darasa la Sita

Sogeeni, enyi wana wa Ukambani pamoja na wageni wenu, na wewe uliyeshika kikombe cha chai kitue chini, maana habari ninayoileta haitaki mikono yenye shughuli. Sitawasimulia majeshi yaliyovuka mito wala ngome zilizoanguka. Hayo yana wasimulizi wake, nao wamekwisha kulipwa. Nitawasimulia jinsi kwaya ya Kathonzweni ilivyopigana vita vya jioni moja, bila mkuki wala upanga, kwa chaki na dasta, mpaka ikaushinda ubeti mmoja wa mistari minne. Na asiyeamini kwamba mistari minne yaweza kuangusha wanaume wazima, huyo hajawahi kuimba besi.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu njaa ile iliyoitwa Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nimeshika, kwa sababu mtu alikuwa na pesa mkononi na dukani hakuna cha kununua. Wanawake wa Kathonzweni, walipokwisha kuzika waliozikwa, wakaapa kwamba mvua haitapita tena mbele ya milango yao bila kusimamishwa. Wakaingia mwethya, ile kazi ya pamoja ambayo majembe yote huinuka shamba moja siku moja, wakachimba silanga, bwawa la udongo pana kuliko uwanja wa kanisa. Walichimba kwa jembe, wakabeba udongo kwa karai kichwani, wengine na watoto mgongoni. Wanaume, mashujaa wa miguu iliyonyooshwa, walitoa ushauri kutoka sokoni, walikokuwa wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Silanga likajaa.

Ndipo ikatangazwa kwamba Jumamosi atakuja mgeni kulifungua, bwana mkubwa wa mambo ya maji, mzaliwa wa Lamu, mtu ambaye Kiswahili alikinyonya kwa mama yake. Mwenyekiti wa sherehe, Mzee Muthama, mwenye kofia isiyovuliwa, akapanga hotuba kuanzia asubuhi mpaka alasiri, na kila mhutubu alikuwa mwanamume. Ukitafuta mahali ambapo jina la wanawake lingetajwa siku hiyo, hukupata ila katika wimbo wa kwaya.

Jambo hilo lilimkaa moyoni Ndila binti Nzomo, kiongozi wa kwaya, mshika fimbo nyembamba, mtiisha soprano, yeye ambaye akikunja uso hata wale wa sauti ya tatu hukumbuka noti zao. Ndila mwenyewe alikuwa na kovu la jembe kwenye kifundo cha mguu. Alitaka kitu kimoja tu duniani wiki ile: mgeni asiondoke Kathonzweni kabla hajaambiwa nani alichimba. Akatunga ubeti, akaunakili kwenye karatasi nne, akaipa kila sauti karatasi yake, kisha akatamka maneno yaliyoleta maangamizi: "Fundishaneni nyumbani, na pahali mtakwama, rekebisheni."

Enyi wasikilizaji, kuna falme zilizoangushwa kwa maneno machache kuliko hayo. Karatasi zikatawanyika, moja sokoni, moja mlimani, moja kwenye nyumba za walimu, moja ng'ambo ya mto mkavu, na kila moja ikarekebishwa na wenye nayo bila wengine kujua. Kila sauti ilikariri kwa bidii na kwa imani, kama mtu anayejifunza njia ya kwenda kwa jirani asiyekuwepo.

Jumatano wakakutana kanisani kufanya mazoezi, Mzee Muthama akiwa ameketi mbele kukagua. Ndila akainua fimbo. Soprano, wakiongozwa na Kalunde wa koo la fedha, wakamwamuru mgeni aketi. Besi, wakiongozwa na Ndolo, ngurumo ya Kathonzweni, mwanamume aliyeweza kuita ng'ombe wa tarafa ya pili, wakamwamuru mgeni huyo huyo asimame. Mwalimu Kivuva, aliyesomea ualimu pwani akarudi na maneno mazito kuliko sanduku lake, akawaongoza teno, yaani sauti ya tatu, kumwita "ewe adhimu". Na alto, wakiongozwa na Mama Mbula, jabali la sauti ya pili, wakaimba kwa utulivu mkubwa na kwa tabasamu kwamba akina mama wanaua tangu asubuhi.

Ubeti ukafika mstari wa mwisho, pale penye roho ya Ndila. Soprano na alto wakaimba kwamba silanga hili wanawake walichimba. Teno wakaimba kwamba lambo hili lilichimbwa, bila kusema na nani. Besi wakaimba kwa nguvu zote kwamba silanga hili wanaume walichimba. Kisha njiwa mmoja akahama darini.

Mzee Muthama akainuka pole pole. "Ndila," akasema, "mimi nimesikiliza hii wimbo yako na masikio yote mbili. Mgeni anakuja, anaambiwa akae, anaambiwa asimame. Sasa mwili yake ataipeleka wapi? Na hao wamama wanaua nani tangu asubuhi? Huyu mtu ametoka Lamu, yeye Kiswahili anasikia yote. Atarudi kwa gari."

"Mzee, nipe mpaka kesho jioni," akasema Ndila.

"Kesho jioni nitapita. Kama bado ni vita, nitapigia watu wa Nunguni simu. Hao wako na gitaa na wako na yunifomu, na wimbo yao ni ya Bethlehemu, haina mambo ya nani alichimba."

Maneno hayo yalimchoma Ndila kuliko jembe lilivyomchoma. Nunguni wangekuja kutoka milima yao yenye ukungu na kabichi, wangeimba vizuri sana habari za wachungaji wa kondoo, na silanga lingefunguliwa kana kwamba lilidondoka kutoka mbinguni. Basi akawageukia wanakwaya, akawahutubia.

"Watu wetu, nisikizeni. Sisi tukilima kwa mwethya, kuna mtu hulima kwake usiku halafu asubuhi analeta udongo na karai, anasema hii ni mistari yangu, panueni shamba? Hakuna. Tunasimama laini moja, mimi naona jembe yako na wewe unaona yangu, na nikipinda unaniambia hapo hapo. Hii wimbo tumelima kila mtu kwake. Kesho tukutane kwa ubao ya darasa la sita. Karatasi zote ziletwe, zichomwe."

Alhamisi, madawati yalipokwisha kusukumwa nyuma, majeshi manne yakaingia darasani. Ubao ulikuwa mbele yao, mweusi, mpana, mama wa makosa yote ya hesabu. Ndila akampa kila mkuu wa sauti chaki yake, akatoa amri ambazo tangu hapo zimeheshimiwa kuliko za maafisa wengi: kila mtu aandike wakati anapotaka, hata wote kwa pamoja, lakini aandike mbele ya macho ya wote, na atakayefuta, aseme kwa sauti anafuta nini na kwa nini. Dasta, kipande cha blanketi kilichoshonwa kwa uzi wa gunia, ikawekwa katikati kama silaha ya mwisho.

Mapambano yakaanza kwa fujo tukufu. Kalunde alianzia kulia na Mwalimu Kivuva kushoto, wote kwenye mstari wa kwanza, chaki zao zikakimbiliana mpaka zikagongana katikati, na pale zilipogongana pakazaliwa kiumbe kipya: mgeni adhimuwetu. Kwaya ikamtazama kiumbe huyo. Hata Kivuva, mtetezi wa maneno mazito, hakuweza kumlea.

"Nafuta adhimu," akasema kwa sauti ya mtu anayefukia mpendwa, "kwa sababu ya nafasi."

Mstari wa pili, Ndolo aliandika "simama" kwa herufi kubwa kama milango ya ghala. Kalunde hakumpinga kwa hasira. Alimwuliza tu, "Kaka Ndolo, akisimama, atakula aje?" Jambo ambalo kwenye karatasi lingekaa siku tatu, watu wakinuniana, ubaoni lilikwisha kabla chaki haijapoa mkononi. Ndolo akafikiri, akaona sahani, akaona mgeni, akafuta mwenyewe.

Mama Mbula naye akaandika mstari wa tatu kwa mkono wake mzuri wa shule ya misheni: akina mama wanaua tangu asubuhi. Mwalimu Kivuva akakohoa.

"Mwaitu," akasema, maana mama mtu mzima hujibiwa kwa heshima hata akiwa anaua, "hilo neno. Kwa Kiswahili mtu akiua, kuna mtu amekufa."

"Na mimi ninaua nini, mwanangu? Ninaua chakula. Kwetu kuua ni kuweka sufuria kwa moto. Ni wewe mwalimu umeenda pwani ukarudi na mawazo ya damu."

"Najua, mwaitu. Lakini mgeni hajui Kikamba. Atahesabu wamama, ahesabu na polisi."

Mama Mbula akalitazama neno lake ubaoni, na kwa mara ya kwanza akalisoma kwa macho ya mtu wa Lamu. Akacheka mpaka akashikilia dawati, na alto wote wakacheka nyuma yake, wale waliokuwa wameua kwa uaminifu siku tatu. Kisha akachukua dasta akasema, "Nafuta kuua. Hakuna mtu atakufa Jumamosi." Akaandika wanapika, akaivuta ile pi kwa kistari kirefu ili pumzi ya alto ipate mahali pa kukaa.

Ukabaki mstari wa nne, na dirishani kofia ya Mzee Muthama ikaonekana ikipita nje, imekuja kutoa hukumu. Ndila hakuandika. Angeweza kuandika, chaki alikuwa nayo, lakini alijua mstari ule ukiandikwa na mkono wake ungefutwa vinywani mwa besi Jumamosi. Akasema tu, "Besi, ni nyinyi."

Ndolo akaja mbele, ngurumo ya Kathonzweni, akiwa amebeba heshima ya wanaume wote wa drafti mabegani. Kwake nyumbani, karatasi ikiwa gotini, lile neno alikuwa ameliandika bila hata kukuna kichwa. Sasa akainua mkono. Akaandika Silanga hili. Akaandika W, akaandika A, akaandika N, akaandika A, na hapo chaki ikasimama.

Lo, enyi mliosoma sarufi mkaiona haina hatari! Wanaume huanza kwa wana, na wanawake huanza kwa wana, na kati ya hayo mawili Ndolo alining'inia kama ndoo iliyokwama nusu kisima. Alihisi macho ya alto kwenye shingo, na miongoni mwao macho ya Mumbua mkewe, ambaye alibeba karai mpaka mwezi wa nane wa ujauzito, naye Ndolo siku hizo alikuwa akishinda michezo. Gizani kwake nyumbani, uongo ulikuwa mwepesi. Hapa ulikuwa na uzito wa udongo.

Akaandika wake. Akaandika walichimba. Kisha, bila kuombwa na mtu, akashuka chini ya mstari akaongeza maneno ya besi peke yao: nasi tulikuja baadaye.

"Ndolo," akanong'ona besi mmoja, "umetuuza."

"Nimetuuza bei ya haki," akajibu Ndolo akiwa bado ameuelekea ubao. "Kama kuna mtu alichimba, aje afute, aseme kwa sauti kwa nini."

Dasta ilikaa pale mezani. Hakuna aliyeigusa. Mzee Muthama, aliyekuwa amesimama mlangoni, akausoma ubao wote kutoka juu mpaka chini, akavua kofia yake, akaivaa tena. "Nunguni wakae kwao," akasema, akaenda zake. Ndila akageukia dirisha ili watu wasimwone akilia, na watu, kwa adabu, hawakumwona.

Jumamosi ikafika na vumbi lake. Mgeni akakaribishwa, akaambiwa na sauti nne kwa neno moja kwamba aketi, akaketi. Akaambiwa akina mama wanapika, akatabasamu kwa matumaini. Akaambiwa nani alichimba, na wanawake waliokuwa kwenye majani wakasogea mbele, kwa kuwa walitaka kusikia maneno yote. Halafu besi, kwa sauti nzito kuliko zote, mbele ya umati na mbele ya wake zao, wakaungurumisha kwamba wao walikuja baadaye.

Mgeni akainua mkono, kwaya ikanyamaza. Akamtazama Ndolo. "Baadaye lini, ndugu yangu?"

Ndolo akainua macho kutoka ardhini, akasimama wima.

"Leo, mheshimiwa."

Na iwekwe katika kumbukumbu za mataifa, baada ya vita vya masultani na kabla ya mambo madogo, kwamba siku hiyo huko Kathonzweni kwaya nzima ilisema neno lile lile kwa wakati ule ule, na neno hilo lilikuwa kweli. Vigelegele vilipokatika, Ndolo alishuka jukwaani, akachukua karai kutoka mikononi mwa Mumbua, aliyekuwa amekwisha kushuka kuzoa tope la ukingo wa silanga, akauliza linamwagwa wapi.