Fidia ya Mgongo Wangu

Jumatatu, 2 Septemba 1991
Leo dokta wa hospitali kubwa kanichoma sindano kwenye unyayo. Sikusikia kitu. Akachoma tena. Nilidhani ananitania! Kasema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye uti wa mgongo, na ulipaswa kugunduliwa tangu Februari. Februari! Miezi saba Nsengiyumva wa zahanati ananidunga sindano za baridi yabisi. Nikimwambia mguu unakufa ganzi, anasema ni uchovu wa cherehani. Dokta anataka nilazwe leo, nipasuliwe kesho. Mke wangu Yasmina akaanza kunivua viatu palepale. Lakini mimi nilishawaza neno moja: fidia. Nikatia sahihi kwamba sitaki kulazwa, tukarudi nyumbani Rwezamenyo.

Jumanne, 3 Septemba
Muhima, kwa wakili Ntakirutimana. Ngazi zake nimezipanda kwa mikono. Kaandika yote, kisha kauliza: "Mzee Usumani, bado iko unatembea?" Nikasema kidogo. Kasema kesi ni nzuri, ila hakimu huamini anachokiona. Basi! Nikipona, nitamwonyesha nini? Suruali mpya? Ijumaa ataleta mpiga picha. Miguu ingoje. Wakili aliongeza jambo kuhusu kwenda hospitali haraka, lakini nilikuwa nimeshaanza kushuka.

Jumatano, 4 Septemba
Mpango: kuanguka mbele ya zahanati ya Nsengiyumva, mashahidi waone. Nikaanguka kweli, kabla sijafika! Tena mlangoni kwa Bayingana, fundi mwenzangu anayeninyang'anya wateja. Ndani alikuwa akimpima mteja wangu wa suti. Bayingana akanibeba mgongoni hadi nyumbani, futi ikining'inia shingoni mwake. Hakunicheka hata kidogo. Hilo limeniudhi kuliko kuanguka.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimeamka godoro limelowa. Sikusikia chochote. Nikamwambia Yasmina paa linavuja. Akatazama nje: jua na vumbi. Akabadilisha shuka, kisha akaketi sakafuni akalia. "Baba Mariamu, twende. Nakuomba kwa jina la Mungu." Nikasema kesho. Picha kwanza.

Ijumaa, 6 Septemba
Mpiga picha hakuja. Saa tisa Yasmina kamwita Bayingana, wakanibeba kama gunia la viazi hadi hospitali. Nilipiga kelele njia nzima kwamba wananiharibia kesi. Dokta kauliza mkojo ulianza kunitoka lini bila kujua. Jana, nikasema. Akaweka kalamu chini.

Alhamisi, 26 Septemba
Nilipasuliwa usiku uleule. Miguu haikurudi. Dokta kasema kwa upole: kama ningeletwa Februari, ningetembea bila shaka, kama ningelazwa ile Jumatatu, huenda. Nikamwomba aandike la Februari tu. Kakataa.
Mchana wakili kaja na uso mrefu. Nsengiyumva amejibu barua yetu ya madai. Anakiri alikosea ugonjwa, lakini anasema mgonjwa mwenyewe alikataa kutibiwa, na sahihi ipo kwenye faili la hospitali. Nimeiona. Nzuri sana, yenye mkia. Wakili kasema kesi imepooza. Neno gani hilo la kumwambia mtu kama mimi!

Jumamosi, 5 Oktoba
Nimerudi nyumbani. Yasmina ndiye anayekanyaga cherehani yangu sasa. Nimelala nikimsikiliza. Anasita, anaanza, uzi unakatika, anaanza tena. Jioni kaniletea kanzu niikague. Mshono umekwenda upande. Nikamwambia umenyooka. Akatabasamu, nami nikageukia ukuta, kwa ile sehemu yangu inayogeuka.

Jumapili, 13 Oktoba
Yasmina ameona kidonda kwenye tako langu, kikubwa kama kifuniko cha soda. Mimi sikisikii. Ni kwa sababu ya kulala upande mmoja, anasema, na kimeanza kunuka. Anataka twende hospitali leo hii. Bayingana ameshakuja, anasubiri mlangoni.
Nimewaza vizuri. Nsengiyumva anaweza kubishia Februari, anaweza kupeperusha ile sahihi. Kidonda je? Atakibishia vipi? Hakimu atakiona kwa macho yake!
Nimemwambia Bayingana arudi kazini kwake. Nimemwambia Yasmina asikioshe. Mpiga picha yuko harusini Butare, anarudi Alhamisi. Kufikia hapo kitakuwa kimepanuka vizuri.