Kiyoyozi cha Maabara

Spika wa kijiwe chetu cha kahawa hasomi gazeti, analitangaza. Asubuhi hiyo alisimama kabisa, kahawa mkononi.

"Sikilizeni! Binti anayesomea shahada ya uzamivu atengeneza leza isiyozimika kwenye joto kali. Leo anahojiwa na maprofesa!"

Tukamgeukia Fundi Feni. Binti huyo ni mpwa wake, kamlea mwenyewe tangu darasa la kwanza. Simu alikuwa ameiweka gotini, anaichunga kama maziwa jikoni.

"Leza ndiyo nini?" akauliza Wakili, ambaye sheria hakusoma, ila kushindwa kesi anakujua vizuri.

"Kidude cha kutoa mwanga," akajibu Fundi Feni. " Kidogo kuliko punje ya chumvi, na ndicho kinachorusha intaneti kwenye nyaya. Kikipata joto kinafifia, kinakufa, lazima kipozwe muda wote. Cha kwake hakitaki kupozwa."

"Yaani wewe unatengeneza feni, yeye anatengeneza visivyotaka feni. Umemsomesha akufungie kibanda!"

"Niache, Wakili. Leo moyo hauko mahali pake."

"Si leza inawaka? Hofu ya nini?"

"Ndiyo imeleta balaa. Mkuu wa idara kusikia haitaki baridi, kesho yake kaja na mafundi, wameng'oa kiyoyozi cha maabara. Sasa kiko ofisini kwake."

"Na binti je?"

"Kalalamikia joto, kaambiwa kiyoyozi kilikuwa cha leza, si chake yeye."

Spika akakaa.

"Wanamhojia wapi?"

"Humo humo. Wanataka kuiona ikiwaka. Chumba hakina dirisha, na wao wamevaa suti na majoho juu."

"Wamekwisha," akasema Wakili. "Mtu anayetoka jasho hatoi maksi."

"Halafu kuna profesa mmoja mgeni, huyo akianza kuhoji ni mpaka jioni. Ana maswali huyo! Mwaka jana alimliza mwanamume mwenye ndevu zake."

Kahawa zilipoa. Simu ikalia, Fundi Feni akabonyeza sauti kubwa.

"Mjomba, nimepita!"

Alilia palepale, akajifuta kwa kitambaa cha grisi, uso ukawa mweusi na furaha tele.

"Mbona mapema hivi, mama? Leza haikukuangusha?"

"Imewaka mpaka mwisho. Maprofesa ndio walizimika mmoja mmoja."

"Na yule mgeni mwenye maswali?"

"Leo kauliza moja tu."

"Lipi?"

"Mlango uko wapi."