Mabati Yangu na Kuta za Afyuni

Mitaboni,
Novemba 1999

Kwa Mzee Mbithi,
Mwenyekiti, Kamati ya Ujenzi wa Kanisa Letu

Ndugu Mwenyekiti,

Bwana asifiwe. Natumai mvua hii haijakuletea homa. Mimi ni mzima, ila moyo ndio umevimba.

Siku ya harambee nilileta mabati ya kuezeka kanisa lote, geji ya thelathini, mapya, yanang'aa. Mliyarudisha kwangu kwa mkokoteni, mchana kweupe, mkasema yametoka kwa pesa za chang'aa, pombe haramu. Sikubisha, maana chang'aa kweli napika. Lakini sasa nina malalamiko, na nayaandika kwa heshima.

1. Siku hiyo hiyo mlimkaribisha Bwana Whitcomb kutoka Amerika, ambaye familia yake ndiyo iliyotujengea kuta. Alisimama mbele yetu akasema mali yao ilianzia kwa babu ya babu yake, aliyenunua afyuni Uturuki, akaipakia melini, akawauzia Wachina kwa magendo ilhali mfalme wao ameipiga marufuku. Alisema kwa huzuni, maskini, nusura alie. Sisi tukadhani ni ushuhuda, tukapiga makofi. Wewe ukampa mbuzi.

2. Mimi sikupewa hata chai.

3. Nilipokuuliza tofauti iko wapi, ulinijibu, "Syombua, hiyo ya mzungu ni ya zamani." Kumbe dhambi hukauka kama mahindi juani. Basi naomba kamati iniambie kwa maandishi, ya chang'aa hukauka baada ya miaka mingapi? Nianze kuhesabu leo, ili mjukuu wa mjukuu wangu ajue mwaka wa kuja kulia mbele ya watu na kupewa mbuzi wake.

4. Chifu aache kumwaga mapipa yangu. Bwana Whitcomb alitueleza kwamba kwao familia kama hizo zilijenga maktaba na hospitali. Chifu akiendelea hivi, maktaba ya Mitaboni itatoka wapi?

5. Nimejichunguza nikaona kosa langu hasa ni kuuzia majirani. Wale wenzangu waliuza mbali, ambako mke wa mlevi hawezi kuja kulia kwenye kamati. Kwa hivyo naomba kamati inidhamini nipate mkopo wa meli. Hata ndogo nitashukuru.

Mzee, kuta za afyuni zinanyeshewa kwa sababu mmekataa paa la chang'aa. Binti yangu Ndinda anafunga ndoa humo Desemba. Nimemlea peke yangu, na inaniuma kwamba atasimama mbele ya mchungaji na mwavuli. Nataka aolewe chini ya mabati ya mama yake. Jina langu ukutani mnaweza kuandika baadaye, karibu na la Whitcomb, kwa herufi zinazotoshana.

Nisalimie Mama Kavutha, akina mama wote wa kanisa, na mweka hazina, ambaye umkumbushe kurudisha chupa zangu.

Ni mimi muumini wenu, mkitaka msitake,

Syombua Kilonzo

N.B. Nashukuru mmempokea mwanangu Josphat kwenye kwaya. Akitoroka mazoezi tafadhali tuma mtu amfuate. Nimemkataza kukanyaga kibanda changu, yeye na Ndinda na huyo bwana harusi. Nikimkuta mmoja wao na kikombe nitamvunja mguu. Hiyo kitu inaharibu watu.