Mshahara Hautalipwa, Utakabidhiwa

Inatangazwa kwa heshima na taadhima kwamba kuanzia mwezi huu mshahara wa watumishi wa Shirika la Mizani za Mwambao hautalipwa. Utakabidhiwa. Umma uielewe tofauti hiyo, kwa maana Kamati ya Itifaki, ambayo mimi ni katibu wake, iliitafakari katika vikao vingi vyenye chai na sambusa.

Hapo awali mshahara uliingia benki kimya kimya, mithili ya mtu anayerudi nyumbani amelewa. Mtumishi alipata ujumbe kwenye simu, akausoma, akaenda sokoni. Hakumshukuru mtu. Mkurugenzi wetu, Daktari Josephat Maige, aliona kuwa huo ni utovu mkubwa wa adabu.

"Mtu anakula kwa jasho lake," alisema kikaoni kwa uchungu, "halafu anadhani ni jasho lake."

Akaelekeza kwamba kila mtumishi apewe hundi ya mfano, yaani lile bango lenye sura ya hundi ambalo wakubwa hulishika pamoja wakapigwa picha. Litatolewa hadharani na mgeni rasmi, na fedha halisi zitafuata. Aidha, ukubwa wa bango ulingane na ukubwa wa mshahara. Aftab, mwenye duka la uchapaji pale Nyamagana, alituuliza kwa upole kama tulikuwa na hakika. Tulimjibu kwamba shirika lenye dira halijiulizi maswali ya namna hiyo.

Bango la mpima samaki likatoka sawa na kadi ya mwaliko wa harusi. La Mkurugenzi lilisafirishwa kwa mkokoteni, na trafiki wakasimamisha magari ili lipite. Mkurugenzi alikuwa ameagiza jina lake liandikwe kwa rangi ya dhahabu na picha yake iwekwe katikati. Picha ikapanuka hata ikafunika mstari unaomtaja mlipwaji. Aftab akauliza tena. Tukamwambia hakuna asiyemfahamu Mkurugenzi.

Mgeni rasmi, Kamishna Malimi, alikuwa na safari, kisha akapata msiba, kisha akaitwa kwenye semina ya kubana matumizi. Kila alipoahirisha, sherehe iliahirishwa, na mshahara nao ukaahirishwa, kwa kuwa haiwezekani kulipa kisichokabidhiwa.

Ndipo Modesta, mpima samaki wa mizani yetu ya Kirumba, alipoingia ofisini kwangu akiwa bado na magamba ya sato kwenye mikono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mwanangu Hellen kachaguliwa kidato cha tano, Bukoba. Meli ni Ijumaa jioni. Asiporipoti Jumatatu nafasi anapewa mwingine. Sina nauli, sina ada, hata godoro sina."

"Sherehe ni Alhamisi."

"Na pesa?"

"Pesa itafuata utaratibu."

"Sasa mzee, huo utaratibu unapanda meli gani?"

Nilimkumbusha kwamba lugha ya mwaloni, kule kwenye soko la samaki, haifai ofisini. Alinitazama kama anavyomtazama mchuuzi anayekandamiza mizani kwa kidole, akaondoka.

Alhamisi uwanja wa ofisi ulipendeza mno. Yalikuwapo maturubai, spika na viti vyenye vitambaa. Wacheza ngoma walitoka Bujora na chatu wao, ambaye alitengewa nafasi ya mbele kuliko wapima samaki. Kabla mgeni hajafika, mhasibu wetu, Tereza, alimwendea Mkurugenzi akamnong'oneza huku mimi nikisikia.

"Daktari, fedha za mishahara zimekwisha. Zimelipa maturubai, mabango, chakula na huyo nyoka. Uliobaki ni mshahara wako na posho zako tu."

"Wengine watapata mwezi ujao," alijibu Mkurugenzi bila kugeuza shingo. "Leo wana furaha, usiwaharibie."

Kamishna alifika, akakaribishwa, akasifiwa, akaanza kazi. Mshereheshaji wetu, Elias wa stoo, aliita majina huku akidai makofi ya kilo. Alipofika Modesta, mgeni rasmi alimpa kile kibango kidogo kwa mikono miwili na kumsogezea kipaza sauti.

"Neno la shukrani, mama."

"Nashukuru, mheshimiwa," alisema Modesta. "Ila muuza magodoro hapokei hii karatasi, na mwanangu anasafiri kesho. Naomba kuuliza, pesa yenyewe iko wapi?"

Wapima samaki waliguna. Kamishna alimgeukia mwenyeji wake.

"Eti Daktari, iko wapi?"

Mkurugenzi alianza kurekebisha tai yake. Elias, aliyekuwa ameagizwa asiruhusu ukimya wowote uwanjani, akavuta kitambaa kilichofunika lile bango la mkokoteni.

Kamishna alisoma sifuri za bango, akavaa miwani, akazisoma upya, asione jina la mlipwaji popote. Sasa ieleweke kwamba maisha yake yote ameona hundi kubwa zikitolewa na wakubwa kwa wadogo. Hajapata kuona mkubwa akijikabidhi mwenyewe.

"Kumbe ndiyo hii," alisema. "Ndugu zangu, mkurugenzi wenu amewatolea fedha yake mwenyewe. Na alitaka kuificha kwa unyenyekevu."

Vigelegele vilipanda kabla hajamaliza. Mkurugenzi alimwinamia sikioni.

"Mheshimiwa, kuna ufafanuzi kidogo."

"Fafanua," alisema Kamishna, akampa kipaza sauti.

Mkurugenzi alizitazama kamera. Akakitazama kile kiasi, ambacho kukifafanua kulimaanisha kusema kwamba ni cha mtu mmoja kwa mwezi mmoja. Akamtazama Modesta, ambaye alikuwa hajaondoka pale mbele.

"Nimeguswa," akasema.

Kamishna aliagiza Tereza alipe watu kwa simu papo hapo, kabla ya chakula. Simu zikaanza kulia chini ya turubai. Modesta hakungoja pilau. Alikwenda moja kwa moja kwenye maduka ya magodoro, na kesho yake jioni Hellen alipanda meli na vitu vyake vyote. Kamishna naye, wakati wa kuaga, alimsihi Mkurugenzi aufanye ukarimu huo kuwa wa kila mwezi, akaahidi kuja mwenyewe kuushuhudia.

Alasiri nilimkuta Mkurugenzi mezani kwake akinywa maji. Habari ilikuwa imeshatangazwa redioni pamoja na kiasi kamili. Simu ikaita. Ni mkewe, na sauti yake ilisikika hadi pale niliposimama. Hakuuliza kwa nini mume wake amegawa mshahara. Aliuliza tangu lini mshahara huo unafikia kiasi kile, na kwa nini kila muhula watoto wanaambiwa kwamba shirika linapitia kipindi kigumu.