Mkuki wa Nansio na Meza ya Mlangoni

Jumatatu, 16 Juni 2025

Siku tano zimebaki. Maonyesho ya silaha za kale ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, ukumbi ule wa Kirumba, hapa Mwanza. Nahesabu siku kama mtoto anayesubiri Krismasi. Miaka sitini na miwili! Magoti mabovu, presha juu, na bado nahesabu siku.

Nimetoa mali yangu yote uani na kuisugua kwa majivu na mafuta ya taa. Mikuki tisa. Pinde tatu, shoka moja. Singe moja ya Mjerumani, kile kisu cha mbele ya bunduki, ncha haipo. Miaka thelathini nilikuwa mtunza stoo wa kinu cha pamba, nikihesabu marobota. Sasa nasugua kutu. Mgongo unauma vilevile.

Mke wangu Paskazia amesimama mlangoni akiniangalia. Akasema dada yake alipokuja Pasaka alikosa pa kukaa kwa sababu ya pinde. Akasema chuma kingine kikiingia nyumba hii, vyote vinaondoka na yule bwana wa vyuma chakavu anayepita hapa Pasiansi na mkokoteni. Hakupaza sauti. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kundi letu la wasapu halijatulia tangu alfajiri. Kila mkusanyaji anaandika kwamba mwaka huu hana kitu, anakuja kuangalia tu. Waongo! Nami nimeandika hivyohivyo. Machibya wa Buhongwa, katibu wetu, kaandika kwamba ataleta "kangao kake kadogo". Kangao! Ngao ya ngozi ya nyati, urefu wa mlango. Miaka miwili mfululizo imekaa kwenye meza ya mlangoni, ile ambayo kila mgeni anaiona kwanza. Mimi mwaka jana niliwekwa karibu na choo. Na shoka langu la vita, mwamuzi alisema ni la kuchanjia kuni. Alisema kwa kipaza sauti.

Mwaka huu hapana.

Jumanne, 17 Juni

Nimepata! Nimepata!

Alexander, tuliyefanya naye kazi kinuni, amenipigia simu. Shemeji yake anakaa Nansio, kisiwani Ukerewe, na jirani wa shemeji ni mjane mmoja, Bibi Teodora, mwenye mkuki mrefu nyuma ya mlango. Mkuki wa marehemu mumewe. Mumewe alikuwa askari.

Nimekaa chini. Nimesimama. Nimekaa tena. Askari, Ukerewe, mkuki! Nimewaza meza ya mlangoni mpaka uji ukapoa.

Meli inaondoka kesho asubuhi. Tatizo ni Paskazia. Kwao ni Ukerewe, nikisema naenda huko atataka kujua naenda kwa nani. Nimezunguka nyumba mara mbili nikitafuta sababu. Mwisho nimemwambia kuna msiba Bunda, nitalala huko. Akauliza msiba wa nani. Jina la kwanza kuja kichwani likatoka.

Nimemuua Alexander.

Paskazia ameshika kichwa. Amesema maskini, mtu mpole vile. Kanifungia khanga ya kumpelekea mjane. Najisikia vibaya. Si sana, lakini vibaya.

Jumatano, 18 Juni. Nansio

Zaidi ya saa tatu majini. Upepo, na mama mmoja karibu yangu alitapika tangu bandarini. Nimefika nimechoka kama niliyepiga makasia mwenyewe.

Bibi Teodora ana miaka themanini na mitatu, mdogo kama kifaranga, macho makali. Nilimwamkia shikamoo, akajibu, "Marahaba mwanangu, umekuja kwa ajili ya Jonathan." Jonathan ndiye marehemu. Alijua kabla sijaketi. Alexander ana mdomo!

Bibi kautoa mkuki mwenyewe. Jamani. Urefu unanizidi mimi. Mpini mweusi kwa kushikwa na mikono. Chuma kipana, kutu ya heshima. Nilitaka kupiga kelele, nikajifanya nakohoa.

Nikauliza marehemu alikuwa askari wa wapi. Akasema hapahapa. Miaka ishirini na mmoja. Akaushika mkuki, akanitazama, akasema, "Huu ndio uliomchoma Bwana Yesu ubavuni."

Uzee. Nimemhurumia sana. Sikuuliza zaidi, mtu wa umri ule hachoshwi kwa maswali. Nimepiga hesabu mwenyewe: Jonathan kafariki 2019 akiwa na miaka themanini, kwa hiyo mkuki ni wa babu yake, na babu yake alikuwa mlinzi wa Omukama, mtawala wa Ukerewe wa zamani. Hakuna aliyesema hivyo, lakini inaeleweka.

Hauuzwi. Ananiazima mpaka mwezi ujao. Ana sharti moja: jina la Jonathan liandikwe pale watu watakapousoma. Alisema tangu azikwe hakuna mtu aliyekuja kumuulizia habari zake. Mimi ni wa kwanza. Akanipikia sato na ugali wa muhogo, akanitolea minofu yeye mwenyewe.

Nimeahidi. Wino haugharimu kitu.

Alhamisi, 19 Juni

Siku ndefu. Naandika nimelala chali.

Niliuzungushia mkuki mkeka na kamba. Kushuka bandari ya Mwanza, askari wa getini akauliza nimebeba nini. Nikasema kasia. Akauliza kasia lenye ncha? Nikasema la kisasa. Akafungua.

Kwa saa mbili nimekaa kwenye benchi. Nikaeleza kuhusu maonyesho, nikaeleza kuhusu Omukama. Afande kasema mzee, wewe ulisema kasia. Akataka kiongozi wa hicho chama changu aje anitambue. Kiongozi! Yaani katibu. Yaani Machibya! Ningeomba wanifunge, lakini benchi lilikuwa limeshaniua kiuno.

Alikuja na pikipiki kutoka Buhongwa, kofia ya kanisani kichwani. Hakucheka. Aliwaonyesha kibali cha maonyesho, akaniandikia dhamana, akaniletea maji ya kunywa. Kisha akaushika mkuki wangu. Akaugeuza chuma kwenye jua, akapitisha kidole gumba karibu na shina, akanirudishia.

"Ngosha wangu," akaniambia polepole, "huu uache nyumbani. Lete ile singe yako. Singe ni kitu cha kweli."

Wivu! Niliuona wazi usoni mwake, umejificha nyuma ya huruma. Mimi si Msukuma na ananiita Ngosha, neno lao la heshima kwa mwanamume, ili nilainike. Nimemshukuru kwa baridi.

Nyumbani nimeuficha mkuki juu ya banda la kuku kabla sijapiga hodi. Paskazia kanipokea vizuri, kaniwekea chai, akauliza mazishi yalikwendaje. Nimemsimulia. Watu wengi, mvua kidogo, mjane kazimia mara mbili, padri kahubiri vizuri. Nilipofika kwenye mashada ya maua akaniongezea chai.

"Baba Hellen," akasema, "marehemu alikuwa hapa jana. Alikuja kuuliza kama ulifika Nansio salama. Amekula wali sahani mbili."

Sijawahi kuona chai ikichelewa kupoa namna hiyo.

Hakugomba. Amesema miaka thelathini na minne tumeishi, na hajawahi kujua ni nini hasa mle ndani ya vyuma kinachonitoa nyumbani. Kwa hiyo Jumamosi atakuja kuangalia mwenyewe. Kisha akaenda kulala chumba cha Hellen. Binti yetu ameolewa Geita, kitanda chake hakina hata godoro zuri.

Ijumaa, 20 Juni

Kesho! Nimenyoa ndevu mara mbili.

Kundi la wasapu limechanganyikiwa. Mmoja anauliza kama ukumbi utakuwa na feni. Mwingine anauliza kama kuna aliyemwona mwamuzi, na sura yake ikoje. Wa tatu kaweka picha ya mshale ameufunika na leso, eti tukisie. Wazee wazima. Nimetazama ile leso kwa dakika kumi.

Paskazia haongei. Anapika, anatenga, anaondoka. Nimemwambia samahani nikiwa jikoni, akasema nipishe nichote maji.

Nimeandika kadi ya mkuki. Mara ya kwanza niliandika: Mkuki wa Jonathan wa Nansio. Nikaisoma kwa mbali. Unaonekana mkuki wa jirani. Nani atasimama? Nikachana. Nikaandika kwa herufi kubwa: MKUKI WA VITA WA WALINZI WA OMUKAMA, UKEREWE, KARIBU MWAKA 1890. Jasho likanitoka kwa uzuri wake. Jina la Jonathan nimeliweka nyuma ya kadi, kwa penseli. Ahadi ni ahadi, na Bibi hakusema upande gani.

Mchana nimempigia simu mkuu wa ukumbi, nikampa mwaka na jina la Omukama. Amenipa meza ya mlangoni! Machibya atahamia kati. Nimekaa na simu mkononi nikitabasamu peke yangu kama mwehu. Furaha hii hata mshahara wa kwanza haukunipa. Halafu nimejisikia mchovu ghafla, nikalala mpaka jua kuzama.

Jumamosi, 21 Juni

Niandike haraka kabla sijabadilisha mambo.

Saa tatu kamili milango imefunguliwa. Mkuki wangu ndio wa kwanza, umesimama, unang'aa. Watu wanaingia, wanasimama, wanasoma, wanasema aah. Aah! Nimesubiri hiyo aah miaka mitatu. Machibya kanipita na ngao yake, kanipa mkono, akaenda meza ya kati.

Saa nne Paskazia kaingia. Gauni la kitenge la jubilei, mkoba mkononi. Kauangalia mkuki. Kausogelea. Kaweka mkono mdomoni.

"Yesu wangu," akasema kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia. "Si mkuki wa Mzee Jonathan huu?"

Nikamnong'oneza anyamaze. Hakunyamaza. Akawaeleza watu wote. Parokia yao kule Nansio, kila Ijumaa Kuu, walikuwa wakiigiza mateso ya Bwana. Mzee Jonathan, seremala, alikuwa askari wa Kirumi. Miaka ishirini na mmoja! Mkuki alitengenezewa na fundi chuma wa sokoni kwa springi ya lori lililokufa. Paskazia alikuwa na miaka kumi alipomwona mara ya kwanza akimchoma Yesu ubavuni, akalia mpaka akatolewa nje. Na Mzee Jonathan, ibada ilipokwisha, akamfuata pale nje bado amevaa kofia yake ya bati, akapiga magoti, akamwonyesha ncha ilivyo butu, akamwambia, "Gusa mwanangu, haiumizi. Na mimi huwa nalia."

Mama mmoja mtu mzima akaanza kulia. Mzee mmoja wa Nansio akasema ni kweli, yeye alikuwa Baraba. Watu wakaja kutoka meza zote. Walijazana mpaka mlango ukaziba. Walitaka kuugusa.

Mwamuzi akaja, akavaa miwani, akaugeuza. Karibu na shina, chini ya kutu, kuna namba za kiwandani. Hapo ndipo Machibya alipopitishia kidole! Alijua! Alijua tangu Alhamisi na hakuniaibisha. Sijui nimchukie vipi sasa.

Nimefutwa kwenye mashindano. Kwa kipaza sauti. Lakini mwamuzi kasema mkuki ubaki palepale mlangoni, ila kadi iandikwe upya. Paskazia kaiandika yeye kwa mwandiko wake wa shule ya masista: Jonathan, seremala wa Nansio, askari wa Ijumaa Kuu, 1975 hadi 1996. Tuzo imekwenda kwa mama mmoja wa Magu mwenye podo la mishale. Machibya kakosa pia. Nilifurahi kidogo, nikaona aibu, nikafurahi tena.

Saa nane Bibi Teodora kapiga simu. Anasikia kelele, akauliza ni watu wengi. Nikasema wengi mno. Akauliza kama jina lipo. Nikaangalia kadi. Nikasema, "Lipo, Bibi. Lipo mbele." Wiki nzima hii ndiyo sentensi yangu ya kwanza ya kweli. Bibi akasema Mungu akubariki mwanangu. Nikasahau hata kumuaga. Sikuwa nimekula tangu asubuhi, lazima ni njaa.

Paskazia alisimulia kisa mara kumi na nne. Mimi nilitumwa soda. Jioni tukiondoka kanishika mkono, kasema sasa ameelewa kidogo. Magoti yaliniuma njia nzima, lakini usiku huu amerudi chumbani kwetu.

Jumapili, 22 Juni

Nimetafakari wakati wa mahubiri. Nimeyaona makosa yangu yote waziwazi.

Kosa ni vitu vidogo. Mkuki mtu yeyote anaweza kuutambua. Nilipaswa kuleta kitu kikubwa, ambacho hakuna mke wa mtu aliyekiona akiwa na miaka kumi.

Na Mungu ni mwema. Jana wakati nafungasha, bwana mmoja wa Sengerema aliniita pembeni. Kwenye shamba lake la mihogo kuna mzinga. MZINGA! Wa chuma, umelala kifudifudi, mbuzi wanaulalia. Babu yake alisema ni wa vita ya kwanza ya dunia. Mkewe anasema ni bomba la maji la mradi ulioshindikana, lakini bwana yule anasema mkewe si mtu wa historia.

Machibya hajui. Alinipigia leo baada ya misa kunialika chakula, nikasema naumwa kichwa. Huruma yake itanipunguza kasi.

Nitakwenda Jumanne. Paskazia nitamwambia ni uhakiki wa wastaafu, hilo huchukua siku nzima na hakuna anayefufuka. Nimechoka mwili mzima, lakini, sijui kwa nini, nimeanza kuhesabu siku tena.

Sasa hivi napima upana wa mlango wa sebule kwa futi kamba. Mama Hellen kaniuliza napima nini.

Nimesema pazia.