Ukuta Ulioota Kitambi

Jumatatu, 3 Machi
Shimo la treni ya chini ya ardhi limefika nyuma ya karakana yangu. Mita kumi na nane kwenda chini. Kati yetu, ukuta wa zege tu. Ubao wa getini kwa wajenzi: ukuta umesogea milimita 24. Ukifika 30 wanaongeza mihimili ya chuma ya kuuzuia, na mchomeleaji atatakiwa haraka. Nani yuko karibu? Mimi. Barabara wameifunga wao, wateja wamenikimbia, karakana niliyoijenga kwa mikono hii inakufa. Wanipe kazi.

Jumanne, 4 Machi
Bado 24. Ukuta mvivu. Ng'ambo ya shimo, Cheche, mchomeleaji mwenzangu, anajichekesha kwa msimamizi. Nimerundika vyuma chakavu vyote ukingoni ili viusukume. Tani mbili na nusu, kila kipande kina namba yangu ya simu kwa rangi nyekundu. Wezi hawana haya. Mke wangu akauliza, ukuta ukienda, karakana itabaki kwa nani. Nikamwambia hesabu aniachie mimi. Akasema ameniachia, na vyombo pia.

Alhamisi, 6 Machi
28. Ufa sakafuni, unapitisha kidole. Nimeufunika kwa meza.

Ijumaa, 7 Machi
31! Mhandisi amenifuata mwenyewe. Nikabeba miwani ya kazi. Kumbe ananiteremsha shimoni tu.
Akaning'iniza timazi, uzi wenye uzito nchani, toka juu. Uzi ukalalia katikati ya ukuta. Zege limeota kitambi! Akasema udongo wote, na mitaa iliyo juu yake, umeegemea hapo. Ukuta unapinda kidogo usije ukavunjika. Nikaweka kiganja. Baridi. Upande wa pili, mji mzima umeweka bega.
Kisha akauliza, mzee wangu, vyuma vya kule juu ni vya nani. Nikasema sivijui. Akatoa simu, akapiga. Ikaita mfukoni mwangu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeamriwa kuviondoa leo. Kazi amepewa Cheche. Nilisimama ukingoni kumtazama: moto wake chini kule, kama nyota zimetumbukia kisimani. Ilipendeza hadi nikasahau kumchukia, dakika nzima.
Ukuta wangu umetulia. Wa ng'ambo, nyuma ya karakana ya Cheche, uko 26.
Nimekodi mkokoteni. Namba zangu nimezifuta kwenye vyuma vyote.
Nimeandika za Cheche.